Usikamulie limau machoni, shoga yangu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole nyingi zaidi. Barua yako imenifikia jana jioni, nimeisoma mara mbili. Kuuguza si kazi ndogo. Mwezi mzima unajilaza chini pembeni ya kitanda cha mama, usingizi wa mang'amung'amu, sikio liko kwake akikohoa tu umeshaamka. Sishangai kwamba macho yamekuvimba na kwamba asubuhi kioo hukitamani. Ila kuna sentensi moja imenifanya nishike kalamu bila kungoja: eti jirani kakushauri ukamulie limau, matone mawili tu, linasafisha.

Usithubutu, nakuomba. Limau ni asidi. Likigusa ngozi ya kope linachoma, na likiingia ndani linaweza kuujeruhi ule utando angavu wa mbele ya jicho tunaoonea. Na si limau peke yake. Asali, maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani yaliyochemshwa, vyote hivi watu huvisifia, na vyote vinaweza kupeleka vijidudu ndani ya jicho. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Mwaka ule niliokuwa nasoma usiku kwa ajili ya mtihani, nilidondoshea chai iliyopoa kwenye jicho la kulia. Kulipokucha kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo, nikazifungua kwa kuloweka kitambaa. Nilitumia dawa ya hospitali wiki nzima. Tangu hapo nina sharti moja: dawa ya nyumbani inakaa juu ya kope zilizofungwa, haivuki.

Sasa tuje kwenye uvimbe wenyewe. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, haifiki hata milimita moja, na nyama ya chini yake ni tepetepe, inanywa maji upesi. Mchana tukiwa tumesimama, maji ya mwili huvutwa kwenda chini miguuni. Ukilala bapa bila mto, yanasambaa mpaka usoni na kutuama pale palipo laini. Ndiyo maana unaamka umevimba na ikifika saa nne unajiona una nafuu bila kufanya chochote. Umeniambia jicho la kushoto ndilo linalozidi. Hebu fikiri unavyolala: si unalalia ubavu wa kushoto ili umwone mama? Upande wa chini ndio unaopokea maji mengi.

Kinachosaidia haraka ni baridi. Baridi inabana mishipa midogo ya damu, na maji yanayovujia kwenye nyama yanapungua. Ukilielewa hilo, utajua kwa nini watu wanasifia vitu vingi tofauti na wote wanasema kweli. Tango karibu lote ni maji, linakaa na ubaridi wake muda mrefu na halichubui ngozi, basi. Kiazi mbichi kilichokatwa, vilevile. Vijiko viwili vilivyolazwa kwenye friji, vilevile. Chai ndiyo ina la ziada kidogo, maana ina kafeini, nayo husaidia kubana mishipa. Ukitaka, loweka vifuko viwili vya chai, viache vipoe kabisa, vikamue mpaka visidondoke hata tone, ndipo uviweke juu ya kope. Visipokamuliwa vizuri chai itapenya, na hapo utarudi kwenye yale yaliyonikuta.

Mimi lakini nakushauri kitambaa. Huna muda wa kukatakata matango na mgonjwa anakuita. Chukua kitambaa laini cha pamba, kilichofuliwa na kukaushwa vizuri, kikunje mara nne. Nawa mikono kwanza. Kitumbukize kwenye maji baridi, kikamue kiwe na unyevu tu. Keti, egemeza kichwa nyuma, usijilaze, kisha kiweke juu ya macho yote mawili. Dakika ya kwanza utahisi kope zinasisimka, ya pili ule uzito unaanza kulegea. Kikishapata joto la ngozi yako, kigeuze upande wa pili. Dakika kumi zinatosha. Usikikandamize wala usisugue. Kama una barafu, izungushie kitambaa, usiiguse moja kwa moja kwenye ngozi. Inaunguza kama moto.

Halafu kinga. Tafuta mto wa pili, kichwa kiinuke, na usiku mmoja mmoja ulale ubavu mwingine. Chumvi ya chakula cha usiku ipunguze, maana chumvi inashika maji mwilini. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi yote: ya supu za pakiti, ya vitafunwa, ya mkate. Wewe unayekula chochote kinachopatikana saa tano za usiku, hapo ndipo pa kuangalia. Na kama macho yanawasha, usiyafikiche. Kuwasha mara nyingi ni aleji, ya vumbi la godoro au la blanketi, na kufikicha kunaongeza uvimbe. Fua mashuka, kisha ukande kwa baridi.

Uchovu wenyewe, ile hali ya kuhisi mchanga machoni, ni jambo lingine kidogo. Unaniambia usiku unakaa na simu gizani ili usisinzie. Mtu akikodolea kioo cha simu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, machozi yanakauka, jicho linachonyota. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi. Taa ya chumbani iwashe hata kama ni hafifu. Kwa ukavu huu baridi haisaidii sana. Hapa kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kwa sababu kingo za kope zina vitezi vya mafuta, na joto linayalainisha mafuta yatoke yakafunike machozi yasikauke. Chokea nayo inakandwa hivyo hivyo kwa joto, usiiminye.

Weusi wa chini ya macho usikusumbue. Mwingine ni wa kurithi, na ile mifuko inayokuja na umri ni mafuta, si maji, tango haliiondoi.

Lakini kuna mambo sitaki uyakande nyumbani. Jicho moja likivimba, likawa jekundu na lina joto, linauma, una homa, au unaona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe ukikaa kutwa nzima kwa siku kadhaa, na miguu nayo inabonyea ukiigusa, na mkojo una povu, waambie wakupime figo. Na macho yakivimba ghafla pamoja na midomo au ulimi, pumzi ikawa nzito, hiyo ni dharura, usingoje hata dakika.

La mwisho nalisema kwa sababu nakupenda. Kitambaa cha baridi kinashusha uvimbe, hakilipi deni la usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku, wewe umeniandikia unapata tatu. Kaka yako yupo hapo nyumbani. Mwombe ashike zamu usiku miwili tu kwa wiki, wewe ulale chumba kingine mlango umefungwa. Mama hatakuona umemtupa. Na kama kulia kunakujia, lia tu, usijizuie kwa ajili ya macho. Ukimaliza nawa uso kwa maji baridi, ufute kwa kugusagusa bila kusugua.

Msalimie sana mama, mwambie namwombea. Anza na mto na kitambaa usiku wa leo, kisha baada ya siku tatu niandikie uniambie kama jicho la kushoto bado linalizidi la kulia.

Akupendaye daima,
Shoga yako