Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: mwaka tuliozipima spana zetu

Ndugu wanachama,

Nianze na lawama, ili tukifika kwenye chai pasiwe na kinyongo. Mkutano wa Oktoba haukufanyika. Akidi haikutimia, na udhuru wa wote ulikuwa mmoja: korosho. Siwanyoshei kidole, kwani hata mimi siku hiyo nilikuwa Newala nikimsaidia shemeji kushona magunia. Napendekeza tukubali kwamba kuanzia Oktoba hadi Desemba chama hiki hakikutani, katibu aache kuandika udhuru uleule kila mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Hazina jipya, isipokuwa ada ambazo hazijalipwa, na wahusika wanajijua.

Jambo la mwaka huu ni kupima. Miaka yote sisi wakusanyaji wa spana tumekusanya spana ndogo za toki, yaani zinazopima nguvu ya kukaza bolti, kama watu wanavyoweka vikombe vya kaure kabatini: tunazipangusa, tunazipanga, tunazisifia. Hakuna aliyeuliza kama zinasema kweli. Tumeanza kuuliza baada ya mimi kuharibu, na kwa kuwa habari yenyewe imezunguka vijiweni ikiongezwa chumvi, naieleza mwenyewe.

Mwezi wa nne kijana wa bodaboda, jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, alikuja kubadili plagi. Nikataka kumwonyesha ufundi. Nikamtolea spana yangu ya mshale, ambayo mshale wake unaonyesha mkazo kwenye namba, nikamwambia kaza mpaka nane. Nane niliyoikusudia ni ya paundi-futi, ambayo ni karibu niutoni-mita 11, kipimo cha kawaida kwa plagi nyembamba za pikipiki. Spana ile imeandikwa paundi-inchi. Futi moja ni inchi 12, kwa hiyo plagi ilipata sehemu moja tu kati ya kumi na mbili ya mkazo wake. Kijana alikaza kama nilivyomwagiza, akaondoka. Kabla hajafika Mikindani plagi ilikuwa inacheza, moshi unavuja, na thredi za kichwa cha injini zimeliwa. Nimelipia thredi mpya kutoka mfukoni mwangu. Tumezoea kuogopa kukaza kupita kiasi, lakini kulegeza nako kunaua injini.

Ndipo tukaamua kuzipima zote. Hatuna mashine ya maabara, ila tuna jiriwa na mawe ya mizani yenye muhuri tuliyoazima sokoni. Ile ncha ya mraba ya spana inabanwa kwenye jiriwa, mkono unalazwa sawasawa na sakafu, unaandika inavyosoma kabla ya kutundika chochote (mkono nao una uzito wake), kisha unatundika jiwe. Kwenye spana ya mshale uzito lazima uning'inie pale kishikio kinapoegemea pini, siyo popote unapopenda. Kutoka katikati ya mraba hadi pini spana yangu ina sentimita 25. Kilo 2 zikaleta niutoni-mita 4.9, ambazo ni paundi-inchi 43 na ushee. Mshale ukasimama kwenye 43. Kumbe spana haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la mzee aliyeishika.

Spana za kulia, zile zinazotoa mlio mkazo ukifika namba uliyoiweka, hazikutoka salama. Ile ya mwenzetu wa Lindi, nzuri kuliko zote kwa sura, na boksi lake la chuma bado lina rangi, ililia mapema mno, tukarudia mara tatu na haikubadilika. Alipoulizwa akakiri kwamba tangu ainunue ameiacha imekazwa kwenye namba ya juu kwa sababu namba hiyo ndiyo iliyokuwa inapendeza machoni. Springi iliyobanwa miaka yote lazima ichoke. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye alama ya chini kabisa, wala usiishushe zaidi ya hapo. Ya mshale haina springi wala kitu cha kuchoka. Ni ulimi wa chuma unaopinda, na kando yake kijiti kisichopinda kinachoonyesha umepinda kiasi gani. Ndiyo maana nazipenda, ingawa vijana wanasema zinafanana na mshikaki. Sisi watu wa korosho hatuhitaji kufundishwa jinsi mtu anavyoumizwa na mzani unaodanganya. Tumechelewa tu kuliona jambo hilo kwenye makabati yetu.

Wanachama wapya huuliza kifaa hiki kilitoka wapi, na wengi hudhani ni cha watu wa magari. Huyo anayetajwa kukibuni mwaka 1918, Conrad Bahr, alikuwa wa idara ya maji ya jiji la New York, na shida yake ilikuwa bolti za mabomba ya chini ya ardhi kukazwa kupita kiasi. Hataza aliyopewa pamoja na George Pfefferle ni ya 1937. Fundi bomba yeyote wa Ligula angemwelewa mara moja.

Upande wa spana ndogo za kawaida, mzigo wa mwaka ni ule wa Nachingwea. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa na kiroba cha vidude vya Kiingereza alivyotaka kuvipeleka kwa kilo. Katibu akaviokoa. Ndani mlikuwa na spana za BA, nyingine fupi kuliko kidole, pamoja na za Whitworth; zote mbili ni mifumo ya zamani ya Kiingereza ya vipimo vya bolti. Mwenye haraka atachanganyikiwa: kwenye BA namba ikipanda bolti inapungua, 0 ni milimita 6 na 2 ni milimita 4.7. Kwenye Whitworth namba iliyochongwa ni unene wa bolti, siyo upana wa mdomo, hivyo iliyoandikwa robo inchi mdomo wake unazidi milimita 13. Njooni na kalipa ya kupimia upana, msije na macho matupu.

Kuna waliotaka tuandike kwamba kiroba kile ni mabaki ya Mpango wa Karanga, ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga enzi za ukoloni. Inawezekana. Waingereza walikuwa Nachingwea kuanzia 1947, mpango ukavunjwa 1951, na reli ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Karakana zilikuwepo na mafundi walikuwepo. Lakini hakuna aliyeziona spana hizi mikononi mwao. Nimeagiza kibandiko kisomeke "ilipatikana Nachingwea", basi. Atakayekuja na ushahidi tutaongeza mstari.

Kuhusu usafishaji, nasema kwa upole kwa kuwa aliyefanya ni kijana na ana moyo. Ukwaju unakula kutu, kweli, lakini ukilaza humo usiku kucha spana yenye nikeli, asubuhi utakuta nikeli imebanduka na chuma kina madoa. Saa moja inatosha, kisha osha kwa maji ya magadi, kausha juani, paka mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda na kunata. Springi ya toki isiguse ukwaju kabisa. Na hewa ya Shangani ina chumvi ya kutosha, anayeishi karibu na bahari asiache droo wazi.

Kifurushi cha tupa za sindano kilichopotelea kwenye basi kutoka Dar bado hakijalipwa. Nafuatilia.

Katibu anaomba mwongozo: kwenye kumbukumbu aandike "spana malaya" kama kila fundi anavyoiita, au "spana ya kurekebisha"? Mimi nimeshamwambia aandike jina ambalo mtu akilitaja dukani atapewa kitu. Akina mama wa cherehani walicheka, hawakupinga. Tupige kura.

Mwisho, hapa mezani kuna kidude cha shaba kutoka kiroba kilekile, kina tundu la mraba upande mmoja na meno upande wa pili. Mimi nasema ni cha saa ya ukutani, katibu anasema ni cha gramafoni. Kishikeni, kigeuzeni, atakayekitambua aniambie kabla ya chai. Asikisafishe.