Mkuu wa e-GA atapimwa kwa rula ya nani?

Mhariri,

Uteuzi wa mkuu wa taasisi ya TEHAMA serikalini ukitangazwa, watu huuliza ana shahada ngapi na katokea wapi. Kipimo atakachopimwa nacho hakiulizwi.

Chukua Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019. Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais. Bodi humsimamia, ila si yenyewe inayomteua. Halafu mamlaka hiyohiyo inatoa viwango, inapitia miradi ya TEHAMA ya taasisi nyingine, na inajenga mifumo yake. Mtunga mtihani naye ni mtahiniwa. Silaumu mtu hapa, ndivyo kazi ilivyogawanywa.

Kwa hiyo mkataba wa utendaji ndio wenye uzito. Tuseme umeandikwa kwamba mifumo ipatikane kwa asilimia 99.9. Kwa siku 30, hizo ni dakika 43 tu za kukatika. Ukishusha hadi 99, zinakuwa saa 7 na dakika 12, karibu siku nzima ya kazi. Na hata hiyo 99.9 ni kiini macho kama kinachopimwa ni seva (kompyuta inayoendesha mfumo) kuitika. Seva huitika, ukurasa hufunguka, mwananchi anabofya kuomba namba ya malipo, kiduara kinazunguka tu: mawasiliano na GePG, mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, yamekatika. Ripoti itasema mfumo ulikuwa hewani. Na kwa kuwa GePG ni ya Wizara ya Fedha, kila upande utasema kwake kuko salama.

Upimwe muamala mzima, tangu kuomba namba, kulipa, hadi stakabadhi kurudi. Jaribio lipite kila baada ya dakika 5, likitokea nje ya kituo cha data, na kumbukumbu zake zishikwe na mkaguzi wa ndani anayeripoti kwa Bodi, si na idara inayoendesha mfumo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) naye azikute hapo. Kuhusu nakala rudufu za data, tusiulize kama zipo (zipo daima!). Tuulize mara ya mwisho zilirejeshwa lini kwenye seva tupu, na ilichukua saa ngapi.

Yapo pia makabidhiano, ambayo hufanywa kwa kupeana mikono na picha. Bosi wa zamani asiondoke kabla hajakabidhi kwa maandishi nywila za juu, funguo za usimbaji, msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe), na tarehe za kuisha kwa leseni na vyeti vya usalama vya tovuti. Akaunti iliyosajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mtumishi aliyekwishahama ni balaa: notisi ya kuhuisha cheti inamfikia yeye, cheti kinaisha usiku, asubuhi kivinjari kinamwonya mwananchi kwamba tovuti ya Serikali si salama.

Vipimo hivi vitangazwe pamoja na jina la mteule, na matokeo yawekwe wazi kila robo mwaka. Udhaifu wa kiusalama ubaki siri kati ya Bodi na wakaguzi. Dakika za kukatika zichapishwe, mfumo kwa mfumo.

Mtaalamu wa TEHAMA,
Dodoma