Shukrani kwa mzee wa gatini Mokowe

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Ulitukuta gatini Mokowe, tumetoka Lamu, tunalikokota kasha la marehemu bibi, msumari mmoja wa shaba umeshang'oka. Ukatuzuia: “Kasha haliburutwi, wanangu.” Ukavua kilemba chako ukafunika kifuniko kisikwaruzwe, ukalizungushia kamba ya makumbi mara tatu, kisha ukashika pembe moja mpaka kwenye basi. Ule msumari uliutafuta mwenyewe baina ya mawe, ukanitia mkononi. Pesa ulikataa. Hata kilemba hukungoja urudishiwe.

Kasha sasa liko sebuleni kwangu Mombasa, chini ya dirisha. Nyumba hii ya kupanga haina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, basi sahani za kaure za bibi nimezisimamisha juu yake, pamoja na mrashi na chetezo chake. Vanishi sikupaka, kama ulivyonionya. Nalipangusa kwa kitambaa kikavu tu, na ule weusi wa mbao umebaki vilevile.

Kilemba chako nimekifua. Kimo ndani ya kasha, pale bibi alipokuwa akiweka udi, kinakungoja. Ahsante sana, mzee wangu. Mungu akupe afya.