Barua kwa Baba Amani: Sevisi ya Mercedes Haifutwi kwa Kitufe

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Amani,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Amani na watoto. Hongera tena kwa gari. Picha ulizonitumia nimezitazama zote, na kupata Mercedes C180 ya 2012 yenye viti safi namna ile si jambo dogo. Ila kuna neno ulilolisema kwenye simu kana kwamba limekwisha, nami limeninyima raha tangu siku hiyo. Ulisema ule ujumbe wa sevisi uliokuwa ukitokea kwenye dashibodi kila ukiwasha, fundi wa yadi ameshaufuta, na sasa gari liko sawa.

Ndugu yangu, ujumbe ule hufutwa kwa vitufe vya usukani. Hautaki spana wala tone la oili. Mtu hukaa kwenye kiti cha dereva, akabonyeza mara kadhaa, kompyuta ikaanza kuhesabu upya, na injini ikabaki na oili ile ile nyeusi. Aliyeufuta amekuondolea ukumbusho tu. Kazi yenyewe bado inakungoja, na sasa hakuna wa kukuambia inakungoja kwa muda gani.

Nakuandikia kirefu kwa sababu najua jinsi ulivyojinyima kulipata gari hili. Uzee umelishusha bei, lakini spea zake hazijui kwamba bei imeshuka. Pampu, sensa, kompyuta ya giaboksi, vyote bado vinauzwa kwa kipimo cha gari lililonunuliwa jipya na mtu mwenye uwezo. Wengi hapa Nairobi hununua Mercedes au BMW kwa pesa za Toyota, wakaitunza kwa bajeti ya Toyota, kisha wanashangaa. Kufuata ratiba ndiko kulipa kidogo kidogo na kwa wakati wako. Usipofuata, utalipa kwa mkupuo, na siku ya kulipa itachaguliwa na gari.

Tuanze na picha moja uliyonitumia bila kujua nitaikazia macho. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye fremu kuna kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani. Kile ni cha kubadilisha oili. Gereji za Japani hukibandika pale kila sevisi. Kimeandikwa mwaka wa 30, na kilomita 61,300. Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi za wafalme wao, na mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei ni 2018. Kwa hiyo tuna ushahidi kwamba mwaka 2018 gari hili lilikuwa likihudumiwa. Dashibodi sasa inasoma 118,000. Hizo kilomita karibu 57,000 za hapa Kenya hazina hata risiti moja. Muuzaji anasema sevisi imefanywa "juzi tu", lakini juzi isiyo na karatasi mimi siihesabu, na nakuomba nawe usiihesabu.

Ndiyo sababu nataka ufanye sevisi ya mwanzo, ya kuanza ukurasa mpya: maji yote ya gari yabadilishwe, kuanzia oili ya injini na ya giaboksi hadi ya breki na ya rejeta, pamoja na filta zote na plagi. Tuandike tarehe na kilomita, na kuanzia hapo tujue tuliko.

Oili ya injini kwanza. Ulaya, magari mengi ya aina hii yalipangiwa kilomita 25,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Ratiba hiyo iliandikwa kwa mtu anayeendesha masafa marefu barabara ikiwa wazi. Wewe unatoka Ruaka kwenda Upper Hill. Asubuhi unakaa Waiyaki Way injini ikinguruma na kilomita hazisogei. Jioni ni hivyo hivyo. Kompyuta inahesabu kilomita na siku, lakini oili inachoka kwa joto na kwa saa ambazo injini imewaka. Mwendo mfupi wa Jumapili hadi dukani na kurudi nao una ubaya wake, maana oili haipati moto wa kutosha kuyatoa maji na petroli iliyopenya ndani yake. Kwa hapa kwetu nakushauri kilomita 8,000, zikizidi sana 10,000, na mwaka ukiisha kabla ya hapo, badilisha hata kama gari lilikuwa limeegeshwa.

Injini yako, M271, hunywa lita 5.5. Usihangaike sana na namba ya unene, iwe 5W-30 au 5W-40. Geuza mkebe usome nyuma: pawe pameandikwa "MB-Approval 229.5". Mkebe ukisema tu kwamba unafaa kwa Mercedes, hayo ni maneno ya aliyeutengeneza, si kibali. Filta yake ni ya karatasi, huingia ndani ya kikombe, na huja na pete mpya za mpira. Pete za zamani zisirudishwe. Filta kuukuu usikubali itupwe kabla hujaiona. Ichukue, ipanue mikunjo yake moja moja juani. Ukiona chembe zinazometa au vijipande vya plastiki, simamisha kila kitu, maana huenda cheni imeanza kula reli inazopitia.

Na hiyo cheni ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Injini hii haina mkanda wa taimingi, ule wa kuoanisha valvu na pistoni, ina cheni, na watu hudhani cheni haina mwisho. Kwenye M271 hurefuka, hasa oili ikicheleweshwa, kwa sababu kinachoikaza cheni ni presha ya oili hiyo hiyo. Ikirefuka sana inaruka jino, valvu zinakutana na pistoni, na hapo hatuzungumzii sevisi tena. Kesho alfajiri, kabla injini haijawashwa, fungua boneti usimame mbele, umwombe Mama Amani awashe. Sikiliza zile sekunde za mwanzo. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kama mnyororo unaoburutwa kisha ukanyamaza, usiliendeshe kwenda kazini; nipigie. Hata usiposikia kitu, fundi afungue kifuniko cha juu aangalie alama za taimingi kama bado zinakutana. Ni kazi ya mara moja na itakupa usingizi.

Akiwa hapo hapo juu, achomoe plagi za nyaya za zile sumaku mbili mbele ya injini, zinazorekebisha kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu. Zikizeeka huvujisha oili ndani ya waya wenyewe, nayo husafiri kidogo kidogo hadi ikafika kwenye kompyuta ya injini. Apanguse pini kwa karatasi ya tishu. Tishu ikitoka kavu, vizuri. Ikitoka na oili, sumaku zibadilishwe sasa, kwani bei yake si kitu ukilinganisha na kompyuta.

Sasa giaboksi, ambayo ndiyo watu wengi watakayokudanganya. Utaambiwa oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani? Gari lina miaka zaidi ya kumi. Mimi nafuata kilomita 60,000, na kwa 118,000 zako bila karatasi, nachukulia kwamba haijawahi kuguswa. Yako ni 7G-Tronic Plus, otomatiki ya gia saba, inayotumia oili ya buluu, kiwango cha MB 236.15. Magari ya kabla yake yalitumia nyekundu, na hizo mbili hazichanganywi. Fundi akikutolea mkebe wa oili nyekundu akasema zote ni sawa, mshukuru, funga boneti uondoke.

Kuna jambo jingine la kumtambua fundi anayeijua kazi hii. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia. Oili hupimwa gari likiwa limepandishwa sawasawa, injini inawaka, na mashine ya kompyuta inasoma joto la oili. Ikifika nyuzi 45, ya ziada inaruhusiwa kumwagika kwenye kijibomba ndani ya sinia la chini ya giaboksi hadi ibaki inadondoka tu. Ndipo skrubu inafungwa. Anayekadiria kwa macho, au anayepima kwa lita alizomwaga, atakuachia nyingi au kidogo, na zote mbili huharibu. Muulize kabla: "Utapima kwa nyuzi ngapi?" Jibu lake litakuonyesha kama ni wako au si wako. Sinia likishushwa, filta ibadilishwe na gasketi yake pia.

Breki, najua pedi umeziangalia. Mimi naulizia maji ya breki, ambayo hayaangaliwi na mtu. Maji ya breki ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 hivi kwenda juu. Lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishanyonya, kiwango kinachotakiwa ni kuanzia nyuzi 155 tu. Sasa fikiria Desemba, unakwenda Nakuru, gari limejaa watu na mizigo, unateremka Mai Mahiu nyuma ya trela na mguu uko kwenye breki kona baada ya kona. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama hadi chini bila gari kushika. Kila miaka 2 yabadilishwe, hata kama pedi ni mpya. Watoto wako ndio wanaokaa kiti cha nyuma, kwa hiyo hapa sitaki tujadiliane.

Rejeta isiwekwe maji ya bomba wala ya kisima. Huacha ukoko ndani na kula aluminiamu. Weka kulenti, dawa ya kupozea injini, yenye kibali cha Mercedes, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Filta ya hewa na ile ya vumbi la ndani ya gari zibadilishwe pamoja na oili. Vumbi letu la Nairobi unalijua. Tairi nazo, soma zile tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu baada ya neno DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na mpira umeshakauka.

Kuhusu spea, usiende Kirinyaga Road na jina la gari tu. Nenda na nambari ya chesisi, ile ya herufi na tarakimu 17. Yako itaanza na WDD204. Muuzaji anayejua kazi ataiingiza kwenye kompyuta na kukupa namba kamili ya kifaa. Gari mbili za mwaka mmoja, zenye rangi moja, zinaweza kuwa na pampu tofauti. Spea mitumba kutoka Japani zina mahali pake, taa au kioo hazina neno, lakini filta, pedi, mpira wowote na sensa, chukua mpya. Bandia ni nyingi, na boksi zuri si ushahidi. Vifaa vingi vya gari hili vinatengenezwa na kampuni za Ulaya zinazouza pia kwa jina lao wenyewe kwa bei nafuu kuliko boksi lenye nyota, na ubora ni ule ule. Hapo ndipo pa kuokoa pesa kwa haki.

Risiti zote, ziwe za eTIMS, ule mfumo wa KRA, au za kuandikwa kwa mkono, piga picha, kisha ziweke kwenye faili ndani ya kile kisanduku cha dashibodi, pamoja na kitabu cha Kijapani kilichokuja na gari. Usikitupe hata kama hukisomi. Kila sevisi andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na namba ya kifaa. Na kila mwezi weka kiasi pembeni kwa ajili ya gari peke yake, kule kwenye sako au popote ambapo si rahisi kukichomoa. Ukipitisha miezi bila kukigusa, usiseme kimekaa bure. Gharama za mpira wa miaka kumi na kitu zinakuja, za mabushi ya viungo vya magurudumu zinakuja, za maunti zinazoshikilia injini zinakuja.

Gari hili limeundwa vizuri sana, Baba Amani. Nimekaa na moja la familia hiyo hiyo kwa muda mrefu, na bado likishika Thika Road usiku barabara ikiwa tupu, ninalipenda kama siku ya kwanza. Natamani uwe nalo hivyo, Amani akija kusomea udereva alikute linawaka kwa ufunguo mmoja.

Nimezungumza na fundi wangu wa Industrial Area, ametupa nafasi Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi. Ana mashine ya kusoma joto la giaboksi, na hachukii kusimamiwa. Nitumie nambari ya chesisi kabla ya Jumatano, nikaulizie filta, sinia na oili ya buluu, tusije tukafika pale tukaanza kutafuta. Jumamosi uje na gari lenyewe, usilioshe injini kabla, maana nataka tuone kama kuna mahali linapovuja. Mwambie Mama Amani chakula cha mchana siku hiyo ni kwetu, na watoto waje.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Zawadi