Chupa ya ARV ya maji ikiisha kabla ya siku yake

Bibi mmoja alikuja kwenye duka letu la dawa na mjukuu mgongoni, mkononi ameshika chupa tupu ya lamivudine, moja ya ARV, yaani dawa za VVU. Alidhani amepewa chupa pungufu. Ilikuwa chupa ya mililita 240, na mtoto ameandikiwa mililita 4 asubuhi na mililita 4 jioni. Hiyo ni mililita 8 kwa siku, kwa hiyo chupa ilipaswa kufika siku ya 30. Yake iliisha siku ya 20.

Tukamwomba atuonyeshe anavyopima. Akatoa kijiko, amekifunga vizuri kwenye kitambaa safi. Sirinji aliyopewa kliniki ilikuwa imefutika namba kwa kuchemshwa kila siku, akaona afadhali kijiko kuliko kubahatisha. Tulikijaza kijiko kile maji, tukayavuta kwa sirinji mpya: mililita 6. Mara mbili kwa siku ni 12, na 240 ukigawa kwa 12 unapata 20.

Bibi yule hakuwa mzembe hata kidogo. Hakuruka dozi hata moja, na saa za dawa alizijua kuliko sisi. Lakini mtoto alikuwa anapewa dawa kupita kiasi, na baada ya hapo angekaa siku 10 bila dawa kama bibi asingekuja kuuliza. Ndiyo maana tumeandika makala haya. Kwenye dawa ya maji, kipimo kinakaa mikononi mwako. Kidonge kimeshapimwa kiwandani. Dawa ya maji unaipima wewe, mara 2 kwa siku, wakati mwingine gizani, huku mtoto analia.

Jambo la kwanza tunalomwomba kila anayechukua dawa ya maji kwetu ni kujua namba yake kwa mililita. Si kwa vijiko, si kwa vifuniko. Na hapa kuna mtego uliowanasa hata watu waliosoma. Lebo ya chupa huwa na namba mbili za aina tofauti: miligramu ni uzito wa dawa yenyewe, mililita ni wingi wa maji unayoyavuta. Chukua nevirapine ya maji, ARV nyingine, ambayo kila mililita 1 ina miligramu 10. Mtoto mchanga aliyezaliwa na uzito wa kawaida, anayepewa nevirapine mara moja kwa siku kumkinga na VVU, hupata miligramu 15. Hiyo ni mililita 1.5 tu. Mtu akisikia "15" halafu akavuta mililita 15, amempa kichanga dozi ya siku 10 kwa mkupuo. Nukta nayo ni hatari: 1.5 iliyoandikwa haraka kwenye karatasi iliyokunjika husomeka 15. Kwa hiyo usitoke kliniki wala famasi kabla hujaulizwa, "Utavuta mpaka wapi?" na wewe ukaonyesha kwa kidole kwenye sirinji.

Sisi tunabandika ukanda mwembamba wa rangi kwenye sirinji, pale pale kipimo kinapoishia. Kisha tunakuomba uvute maji mbele yetu. Wengine huona kama tunawapima akili. Hapana. Tumeona mara nyingi kwamba mtu anayesema "nimeelewa" ndiye anayeshika sirinji kinyume, na ni afadhali jambo hilo litokee kwa maji, dukani, tukiwa wote.

Namna ya kuvuta ni hii. Tikisa chupa kwanza kama lebo inasema hivyo. Nevirapine ya maji ni mchanganyiko ambao dawa hutuama chini, usipotikisa utampa mtoto maji matamu mwanzoni mwa chupa na dawa kali mwishoni. Itikise polepole, kwa sababu ukiipiga kwa nguvu inatoa povu, na povu linadanganya kipimo. Ingiza ncha ya sirinji, pindua chupa, vuta taratibu. Ukiona kiputo cha hewa, rudisha dawa ndani uvute tena: hewa inachukua nafasi ya dawa. Soma kipimo sirinji ikiwa usawa wa macho, kwenye ukingo wa mpira ulio karibu na ncha. Kama sirinji ilikuja na kifuniko kidogo kwenye ncha, kiondoe na ukitupe mbali kabla ya kumsogelea mtoto. Kifuniko hicho kinaweza kuruka na dawa na kumkaba.

Mtoto awe ameinuliwa kichwa, si chali. Elekeza ncha ndani ya shavu, sukuma kidogo kidogo, mwache ameze. Ukilenga koo moja kwa moja atapaliwa. Na tafadhali usimimine dawa kwenye chupa nzima ya maziwa. Mtoto akinywa nusu akalala, hutajua amepata dawa kiasi gani. Ukitumia kikombe kidogo cha kupimia badala ya sirinji, kisuuze kwa maji kidogo na mtoto anywe yale maji pia, maana dawa hubaki imeganda pembeni.

Baada ya hapo osha sirinji kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, acha ikauke yenyewe. Kuchemsha ndiko kunakofuta namba. Namba zikianza kufifia, njoo tukubadilishie, usisubiri zipotee.

Swali linaloletwa sana ni la kutapika. Miongozo mingi huchukua dakika 30 kama mpaka: mtoto akitapika ndani ya dakika hizo, dozi hurudiwa, akitapika baadaye, unasubiri dozi inayofuata. Kucheua tone moja la maziwa si kutapika dawa. Lakini akitapika kila siku, usiendelee kurudia kimya kimya, rudi kliniki. Na ukisahau dozi, mpe mara unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi nyingine imekaribia sana. Usifidie kwa kumpa mbili pamoja.

Sasa kuna dawa moja inayohitaji maneno mengi zaidi, nayo ni lopinavir na ritonavir ya maji, ARV mbili zilizochanganywa kwenye chupa moja. Ni chungu kweli kweli, na watoto wanaikataa kwa nguvu zao zote. Lakini uchungu si tatizo kubwa. Ili dawa hizi ziyeyuke kwenye maji, watengenezaji wametumia alkoholi, takriban asilimia 42 ya ujazo, pamoja na kiyeyushi kingine kiitwacho propilini glikoli. Ini la mtu mzima hushughulikia vyote viwili. Ini la kichanga, hasa aliyezaliwa njiti, halijakomaa, na vitu hivi viwili hugombania kimeng'enya kile kile cha kuvisaga, hivyo vinabaki mwilini na kujilimbikiza. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watoto njiti kupata madhara makubwa ya moyo, figo na upumuaji. Tangu hapo maelekezo ni kwamba isitolewe kwa mtoto ambaye hajatimiza siku 14 tangu kuzaliwa, na kwa aliyezaliwa njiti isubiri mpaka wiki 42 zitimie zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama, isipokuwa daktari aamue vinginevyo na amwangalie kwa karibu.

Kwa hiyo, kama nyumbani kuna chupa ya mtoto mkubwa, usimpe mdogo wake hata kama wote wana VVU. Na kama mtoto anayetumia dawa hii ameandikiwa metronidazole kwa ajili ya tumbo, tuambie kabla hujaondoka: alkoholi na metronidazole havipatani, vinaweza kuleta kutapika, moyo kwenda mbio na uso kuwaka. Akinywa nyingi kwa bahati mbaya, akawa anasinzia ovyo au anapumua polepole, mkimbize hospitali na chupa mkononi. Usimtapishe.

Uchungu wake unapunguzwa kwa kumpa kitu cha baridi kabla ya dawa ili ulimi ufe ganzi kidogo, na kitu kizito chenye ladha kali baada yake. Mpe pamoja na chakula, kwa sababu dawa hii ya maji hufyonzwa vizuri zaidi chakula kikiwepo. Wazazi wengine, kwa uchovu, huenda wakavitwanga vidonge vya lopinavir na ritonavir vya wakubwa. Tunawaelewa, lakini tunawasihi wasifanye hivyo. Kidonge hicho kikivunjwa, kiasi kinachofika kwenye damu hupungua karibu nusu, na virusi vikikutana na dawa nusu nusu ndipo vinapojifunza kuishinda.

Kuhusu kuhifadhi, watu hudhani kila dawa ya maji ni ya friji. Si kweli. Lopinavir na ritonavir ya maji hukaa kwenye friji. Ikiwa nje, isizidi nyuzi 25 na itumike ndani ya miezi 2. Lakini ritonavir ya maji iliyo peke yake huandikwa isiwekwe kwenye friji. Lamivudine hukaa vizuri kwenye kabati lenye kivuli. Soma lebo ya chupa yako, si ya jirani, na andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Hakuna hata moja kati ya hizi inayowekwa pale barafu inapoganda, wala dirishani juani, wala juu ya jiko.

Watoto wengi siku hizi wamehamishiwa dolutegravir ya kuyeyusha, kidonge kidogo cha miligramu 10 kinachotolewa kuanzia wiki 4 na kilo 3. Tumelipokea kwa furaha, maana hakuna chupa nzito ya kubeba wala uchungu ule. Ila kikishayeyuka ni dawa ya maji kama nyingine: weka maji safi kiasi ulichoelekezwa, koroga mpaka vipande viishe, anywe ndani ya dakika 30, suuza kikombe anywe na masalia. Akiwa anapewa dawa ya madini ya chuma au kalsiamu, tuulize mpangilio wa saa, kwa sababu madini hayo huishika dolutegravir tumboni isifyonzwe.

Kitu kimoja kinachosahaulika na ambacho kinatuuma zaidi ni uzito. Kipimo hufuata kilo za mtoto, na mtoto haachi kukua. Kwa makundi ya uzito ya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kilo 6 hadi 9.9 hupewa mililita 4 za lamivudine mara 2 kwa siku. Akifika kilo 10 anapanda hadi mililita 6. Gramu mia chache tu, na dozi imeongezeka kwa nusu. Mtoto aliyenenepa vizuri, wote mkafurahi, anaweza kuwa anakunywa dozi ya miezi mitatu iliyopita. Kubadilisha dozi si kazi yetu, ni ya kliniki. Lakini mizani tunayo, na tukiona namba ya kilo imevuka kundi tutakuandikia kwenye kipande cha karatasi umpelekee muuguzi.

Mazungumzo haya yote tunayafanyia nyuma ya pazia, mlango umefungwa. Tunatoa dawa kwenye mfuko wa kawaida usio na maandishi, na ukitaka tutaiita tu "maji ya mtoto" mbele ya watu.

Ukija mara nyingine, njoo na chupa hata kama imebaki tone, na sirinji unayoitumia, na kadi ya kliniki. Kama mtoto yule wa mililita 4 angerudi siku ya 30 na chupa bado ina mililita 80, tungejua amekuwa akipata theluthi mbili tu ya dawa, pengine kwa hewa kwenye sirinji, pengine kwa jioni zilizosahaulika. Hatutakugombeza. Tutakaa chini, tujaze maji, tuvute pamoja mpaka tuone yalikopotelea.