Mwalimu, fungua kiganja

Kisumu,
19 Julai

Mama Shiro mpendwa,

Salamu sana. Natumai u buheri wa afya pamoja na Baba Shiro na watoto. Sisi huku hatujambo, ila joto na mbu, na hiyo ndiyo salamu yote utakayopata leo kwa sababu kuna jambo linaniwasha. Najua nimenyamaza tangu Pasaka. Najua pia uliniandikia mara mbili. Nitaomba msamaha nikija, nikiwa nimebeba ngege wa kukaanga, maana wewe msamaha mkavu huupokei.

Kwanza nikiri. Yale maharage uliyonipa Desemba sikuyapika. Yamekuwa samaki.

Unakumbuka nilivyolia kwamba klabu ya mazingira imenishinda? Kila Ijumaa tunaokota taka, tunapanda miche, mbuzi wa jirani wanakula miche, tunapanda tena. Watoto walikuwa wanakuja kwa ajili ya biskuti tu. Basi mwezi wa Mei nikaleta karai, nikatia maharage 50, nikawaambia Gredi ya 6: hili ni ziwa, na ninyi ni mitumbwi mitano. Kila zamu vueni mnachotaka, mradi mtumbwi usipitishe 10. Yatakayobaki yatazaa, yakibaki 20 naongeza 20, lakini karai halipiti 50 kwa kuwa ziwa nalo lina kiasi chake. Na hakuna kuongea.

Zamu ya kwanza walivua 41. Yakabaki 9, yakazaa, yakawa 18. Zamu ya pili wakakomba yote, na msichana mmoja akalia kwa sababu mkono wake ulifika karai likiwa tupu. Dakika tano, Mama Shiro. Tulimaliza Nam Lolwe nzima, yaani Ziwa Victoria, kwa dakika tano, na hesabu ilikuwa pale pale mbele yao: kila mtumbwi ungevua 5, yangebaki 25, yangezaa 25, na wangevua mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Tukacheza tena, safari hii nikawaruhusu kuongea kabla ya kuvua. Wee! Kelele kama soko la Kibuye siku ya Jumapili. Lakini walikubaliana, na maharage hayakuisha. Mtoto wa dada yangu, yule anayesomea uchumi Maseno, alinicheka nilipomsimulia. Akasema, anti, unajifanya umevumbua, haya watu wameyapima miaka mingi. Kumbe kuna mama Mmarekani, Elinor Ostrom, aliyepewa Nobeli ya uchumi 2009, mwanamke wa kwanza kuipata hiyo ya uchumi, na sehemu ya kazi yake ilikuwa hii hii: watu wenye mali ya pamoja, wakiachwa waongee ana kwa ana na kujitungia sheria zao, mara nyingi hawaimalizi. Wenzake walikuwa wameshakata tamaa, wanasema lazima serikali ishike au tajiri anunue. Akanionyesha pia kwenye simu mchezo wa bodi wa mambo ya tabianchi, Daybreak, uliotoka 2023. Wachezaji hadi wanne, wote wanashinda pamoja au wanashindwa pamoja. Mmoja ni Marekani, mmoja Uchina, mmoja Ulaya, na wa nne ni dunia yote iliyobaki. Mimi na wewe, mpenzi, tuko kwenye iliyobaki.

Lile la kushindwa pamoja ndilo lililonipendeza. Nikatandaza gunia, nikachora Ghuba ya Winam kwa makaa, nikakusanya vifuniko vya soda viwe magugumaji. Unajua gugu lenyewe huku linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, basi kila zamu vifuniko vinaongezwa maradufu. Mtumbwi unachagua: unavua, au unang'oa gugu. Na kung'oa ni lazima mitumbwi miwili ishirikiane. Kuna kadi za masika pia, ukiokota kadi ya Mto Kisat au Auji basi uchafu wa mji wote umekuja kulisha gugu. Vifuniko vikifunika ghuba, hakuna mtumbwi unaotoka, na wote mmekwisha, hata yule mwenye maharage 30 mfukoni. Biskuti zilisahaulika. Walikuwa wanakuja hata Jumanne, siku ambayo si ya klabu.

Sasa ndipo shida ilipoanzia.

Kuna mvulana mmoja, babake ni mvuvi. Mwanzoni mwa Juni alifika nyumbani akakuta omena mezani, akakataa kula. Akasema uvuvi wa omena hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili wazaane, kwa hiyo hawa wametoka wapi? Hapo hapo akaingiza ngumi kwenye wavu wa ngege uliotundikwa ukutani, ngumi haikupita, na sheria inataka tundu la inchi 5. Akatangaza mbele ya wajomba zake. Unaweza kuwaza usiku huo ulivyokuwa katika ile nyumba. Asubuhi baba mtu yuko mlangoni kwangu, ninafundisha hesabu za sehemu, anauliza mbele ya darasa: "Mwalimu, ni wewe uliyemwambia mtoto wangu kwamba mimi ni mwizi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chaki mkononi tu. Nilimwambia samahani mzee, karibu Jumamosi uone tunachocheza. Nilijua hatakuja.

Alikuja. Na wenzake watatu, na mama mmoja wa omena aliyesema amefuata kivuli cha mwembe. Mtumbwi mmoja ulikuwa na mama huyo, mitatu ilikuwa na wale wazee wengine, na wa tano ukawa... subiri, nitakosea. Wazee wanne, kila mmoja na mtumbwi wake. Mtumbwi wa tano mimi. Mama wa omena akakataa kucheza, akakaa pembeni anasuka ukindu.

Mchezo wa kimya waliumaliza kwa zamu tatu. Afadhali kuliko watoto, lakini si sana. Hakuna aliyecheka. Tukaingia wa kuongea, wakatunga sheria kwa Dholuo haraka haraka, 5 kwa kila mtumbwi, faini kwa atakayezidisha. Zamu ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, baba yule akanishika mkono, polepole, kwa adabu kabisa, akasema: "Mwalimu, fungua kiganja."

Maharage 7.

Mama Shiro, naapa sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Mimi niliyeandika sheria ubaoni! Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Faini yangu ikawa kuwachemshia chai wote, na niliichemsha, na sukari ilikuwa ya kwangu. Lakini tangu saa ile yule baba alinizungumzia kama mtu. Akaniambia kitu ambacho ndicho hasa kimenifanya nikuandikie. Akasema mchezo wako ni mzuri, mwalimu, ila una uongo ndani yake. Hapa tuko watano na tunaonana nyuso. Ziwani kuna wa usiku. Nikiacha, wa usiku anachukua, na mimi simwoni wala yeye hanioni. Na ziwa lenyewe Kenya tuna asilimia 6 tu, iliyobaki ni ya Uganda na Tanzania. Ukitaka kujua kuongea huko kulivyo, kaulize Migingo, kile kisiwa tunachogombania na Uganda. Wavu alinunua kwa mkopo, akiutupa mkopo hautupiki.

Yule mama wa omena naye, bila kuinua macho kwenye ukindu, akauliza: na sisi tunaonunua, tuko wapi kwenye gunia lako? Mitumbwi naiona. Anayesubiri ufukweni alfajiri simwoni. Nikadhani anatania. Kisha akataja jaboya, yaani mvuvi kumpa mama samaki kwa sharti la kulala naye, na wazee wote wakaangalia miguu yao. Nimemtafutia kadi yake, lakini kadi hiyo siwezi kuicheza na Gredi ya 6, itabaki ya watu wazima. Bado sijajua namna ya kuiandika.

Wale wa klabu nao nimewaambia marufuku kupima nyavu za nyumbani. Wameitikia ndiyo mwalimu kwa sauti ile ya watoto ambayo wewe na mimi tunaijua. Hilo linanikosesha usingizi kidogo. Nilitaka wapende ziwa, si kuwatuma majumbani kama askari wa samaki kwa watu wanaodaiwa karo. Wewe ungefanyaje? Ungeacha? Mwalimu Kimya anasema niache, lakini yeye hata chaki angeiacha akiruhusiwa.

Basi hapa ndipo ninapokuhitaji. Nimefikiria sana habari ya wa usiku. Nataka mchezo wa watu wasioonana, na Njoro ndipo mahali pake. Chukua darasa moja lako liwe huko juu msitu wa Mau, wanakata, wanalima hadi ukingoni mwa mto, wanamwaga. Darasa lingine, chumba cha pili, wawe Ziwa Nakuru na watu wa mjini. Katikati atembee mtoto mmoja, yeye ndiye Mto Njoro. Kinachomwagwa juu anakibeba hadi chini, vifuniko au maharage, lakini haruhusiwi kusema neno. Cheza hivyo mara mbili. Mara ya tatu mruhusu abebe barua, karatasi moja tu kila zamu. Nataka kujua kama karatasi inatosha. Watu wa juu wataacha miti kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuwaona? Usiwadokeze. Wewe una tabia ya kuwadokeza watoto, hata kwenye mtihani, nakujua.

Ukiweza, nitaucheza nami hapa kwa Mto Sondu. Mau ile ile inayowapa ninyi Njoro ndiyo inayotupa sisi Sondu. Yenu inaishia kwenye ziwa lenu, yetu inakuja huku, lakini mama ni mmoja.

La pili, naomba maharage mengine. Samaki wameingiwa na fukusi. Karai nzima ina vumbi, na watoto wanasema ni ugonjwa wa samaki kama ule wa vizimba vya kufugia. Nitumie rosikoko kidogo wawe sangara, na ndengu wawe omena, nataka omena wazae upesi kuliko wengine. Mpe yule dereva wa Kaptembwo, si yule mwingine, yule mwingine alikula embe zangu zote mwaka jana.

Sasa nijibu: darasa lako lina watoto wangapi mwaka huu, na mwalimu mkuu wenu bado ni yule asiyependa kelele? Flamingo wamerudi ziwani au bado wako Bogoria? Maji yamepungua kidogo huko langoni mwa mbuga? Shiro ameota meno? Na ile habari ya Baba Shiro na shamba la Molo iliishaje, mlinunua au alibadilisha mawazo tena? Utakuja Agosti? Yule baba ameniuliza kama tutacheza tena shule zikifunga. Amesema ataleta mtu. Sikumuuliza ni nani, lakini alisema ni mtu ambaye hufanya kazi usiku.

Wako,
Nyar Nyakach

Sufuria yako ninayo. Ndiyo niliyochemshia ile chai ya faini.