Kupanda miti bila zamu ya maji

Mhariri,

Vikundi vya kujitolea vinavyotunza bustani za umma hujaa siku ya kupanda miti. Siku ya kumwagilia havionekani. Miche mingi hufia hapo. Shimo liwe na upana mara 2 au 3 ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina cha bonge hilo, maana shina likifukiwa gome huoza. Mfuko wa plastiki uondolewe wote (wapo wanaouacha!). Matandazo (majani makavu ya kufunika udongo) yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Kisha maji: lita 20 hivi kwa kila mche kwa wiki wakati wa ukame, miaka 2 ya mwanzo. Kikundi kisicho na zamu kipande miche michache, na kiwaulize mapema wasimamizi wa bustani ni bomba lipi litatumika.

Msomaji wenu